Hesabu ya Yajnavalkya

Mfalme Janaka wa Videha, katika eneo ambalo leo liko mpakani mwa India na Nepal, aliandaa ibada kubwa ya sadaka akawaalika wanazuoni wa kila upande. Zizini alifunga ng'ombe 1,000, kila mmoja amevishwa vipande kumi vya dhahabu kwenye pembe. Akatangaza kwamba aliye mjuzi kuwazidi wenzake awachukue wote. Watu wakatazamana. Yajnavalkya hakungoja mjadala uanze. Alimwambia mwanafunzi wake awaswage ng'ombe nyumbani. Hapo wenzake wakachemka kwa hasira, wakaanza kumhoji mmoja baada ya mwingine, akiwamo mwanamke mmoja, Gargi, aliyembana mara mbili kwa maswali mazito.

Wa mwisho alikuwa Shakalya. Swali lake ni lile linalomjia mpita njia yeyote anapoliona hekalu la Kihindu, liwe la Mombasa au la Varanasi: miungu ni mingapi?

Yajnavalkya akajibu kuwa ni 3,306. Shakalya akaitikia, kisha akauliza tena lile lile. Safari hii jibu likawa 33. Akauliza tena, akaambiwa sita. Akarudia: mitatu. Akarudia: miwili. Akarudia tena, na jibu likawa la ajabu, mmoja na nusu. Alipouliza mara ya mwisho aliambiwa mmoja. Yajnavalkya akafafanua kwamba ile 3,306 ni nguvu na utukufu tu wa wale 33. Kwamba sita ni moto, ardhi, upepo, anga, jua na mbingu. Kwamba mmoja na nusu ni upepo uvumao. Na kwamba yule mmoja ni pumzi ya uhai, ambayo ni Brahman yenyewe, uhalisia ulio nyuma ya kila kitu. Kisha akamgeuzia Shakalya swali lake. Shakalya akashindwa kulijibu, kichwa chake kikaanguka, na wezi wakaichukua mifupa yake wakidhani ni mali.

Kisa hicho kimo katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya vitabu vikongwe kabisa vya falsafa ya Kihindu, ambacho wataalamu wengi wanakikadiria kuwa cha karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Kinastahili kusomwa taratibu, kwa sababu umoja unaoelezwa humo hauko sawa na ule ambao Mwislamu au Mkristo wa pwani amekua nao. Shahada ya Mwislamu huanza kwa kukanusha: waungu wengine wote wanaondolewa kwanza, ndipo Mmoja anatajwa. Yajnavalkya hamwondoi yeyote. Anawarudisha wengi kwenye chanzo chao, hatua kwa hatua, na ukitaka kushuka tena hadi 3,306 njia iko wazi. Ndiyo maana Mhindu anaweza kusimama mbele ya sanamu ya Ganesha asubuhi na jioni akasema kwa yakini kwamba Mungu ni mmoja, bila kuona kwamba amejipinga.

Rigveda, iliyo kongwe zaidi, ilikuwa imekwisha kuligusa jambo hilo. Katika utenzi wa 164 wa kitabu chake cha kwanza, kati ya tenzi 1,028, mshairi anasema kuwa kilicho kimoja wenye hekima hukiita kwa majina mbalimbali, akawataja Indra, Mitra, Varuna, Agni na wengineo. Siku hizi ubeti huo husomwa karibu kila mkutano wa dini mbalimbali unapofanyika India. Lakini mshairi wake hakuujua Uislamu wala Ukristo. Alikuwa anawapatanisha miungu wa watu wake mwenyewe. Kuuvusha ubeti huo mpaka kwenye dini za wengine kulihitaji kazi, na kazi hiyo ilifanywa na watu wenye majina na makaburi. Hao ndio wanaohusika na sura hii.

Kabla ya kuwafikia, jambo moja liwekwe wazi. Wahindu wenyewe hawajawahi kukubaliana juu ya maana ya umoja huo. Shankara, mzaliwa wa Kerala ambaye wengi wanamweka karne ya 8, alifundisha kwamba Brahman ndiyo pekee iliyo halisi na kwamba nafsi ya mtu, ikijitambua, haina tofauti nayo. Ramanuja, aliyefundisha Srirangam katika karne za 11 na 12, alikataa: Mungu ni Vishnu, mwenye sifa na huruma, na nafsi zimo ndani yake kama mwili wake, hazifutiki. Madhva wa Udupi, karne ya 13, alikwenda mbali zaidi akasema Mungu na nafsi ni wawili milele. Mtu anayesema kwamba Uhindu unafundisha kuwa vyote ni kitu kimoja amemsikiliza Shankara akawaacha wenzake nje ya mlango.

Hata Bhagavad Gita inatoa ukarimu wenye ngazi. Krishna anasema humo kwamba wanaoabudu miungu mingine kwa imani humwabudu yeye, ingawa si kwa utaratibu unaopasa. Mgeni anakaribishwa, lakini anaambiwa kwamba alikuwa akimwomba mwenye nyumba hii siku zote bila kujua. Mwislamu au Mkristo anayeambiwa hivyo ana haki ya kuuliza kama amepokewa au amemezwa.

Uislamu ulipoenea kaskazini mwa India, swali hilo likawa la kila siku. Al-Biruni, mwanazuoni wa Khwarezm aliyejifunza Kisanskriti katika zama za Mahmud wa Ghazni, aliandika karibu mwaka 1030 kwamba Wahindu wasomi wanamwamini Mungu mmoja, wa milele, asiye na mwanzo wala mwisho, na kwamba masanamu ni ya watu wa kawaida, wanaohitaji kitu cha kutazama. Alisema hayo huku akieleza bila kificho mambo yao aliyoyaona kuwa ya makosa. Ni mfano mzuri wa msomi asiyehitaji kuafikiana na mtu ndipo amweleze kwa haki.

Aliyevuka mpaka mzima alikuwa mwana wa mfalme. Dara Shikoh alizaliwa Ajmer mwaka 1615, mtoto wa kiume wa kwanza wa Shah Jahan na Mumtaz Mahal, yule ambaye Taj Mahal ni kaburi lake. Alikuwa Mwislamu wa tarika ya Kadiria, tarika ile ile ambayo dhikiri yake inasikika Zanzibar, Lamu na Bagamoyo. Aliandika habari za mawalii na kumtumikia shekhe wake, Mulla Shah. Mwaka 1653, akiwa Lahore, alikaa na mcha Mungu wa Kihindu aitwaye Baba Lal, wakazungumza kwa siku kadhaa juu ya roho, ukiwa wa mtawa na maana ya sanamu, na mazungumzo yao yakaandikwa.

Karibu mwaka 1655 akatoa kitabu kidogo alichokiita Majma al-Bahrain, jina linalotoka katika Surat al-Kahf, pale Nabii Musa anapokwenda kutafuta makutano ya bahari mbili. Humo aliweka istilahi za masufi kando ya istilahi za Wahindu, moja baada ya nyingine: roho, pumzi, nuru, majina ya Mungu, kumwona Mungu, kiama. Msomaji asidhani Dara alikuwa anaitoka dini yake. Alikuwa anatafuta tauhidi mahali ambapo wenzake hawakutazamia kuikuta.

Mwaka 1657 aliwakusanya mapanditi na watawa wa Varanasi, na kwa msaada wao akazifasiri Upanishad 50 kwa Kiajemi. Dai lake katika utangulizi ni zito. Quran, katika Surat al-Waqia, inataja kitabu kilichohifadhiwa. Wafasiri wengi wanasema ni Lauhi Mahfudhi. Dara alisema kinachokusudiwa ni Upanishad hizi, chimbuko la kale la tauhidi. Kwa maulamaa wa Delhi hilo halikuwa kosa dogo la tafsiri.

Miezi michache baadaye Shah Jahan aliugua, na wanawe wanne wakaingia vitani kugombea kiti. Aurangzeb alimshinda kaka yake huko Samugarh mwaka 1658. Dara alikimbia kutoka mji hadi mji, mpaka mwenyeji aliyempa hifadhi alipomkabidhi kwa adui zake. Daktari wa Kifaransa, François Bernier, alikuwa sokoni Delhi siku mfungwa alipopitishwa. Anaeleza kwamba hakupandishwa kwenye tembo wa kifahari kama ilivyokuwa desturi yake, ila kwenye mnyama mchovu aliyejaa uchafu, mwenyewe akiwa amevaa nguo duni, na watu pande zote mbili za barabara wakilia kwa sauti. Aliuawa mwaka 1659 kwa hukumu ya kuritadi. Kiti cha ufalme ndicho kilichokuwa kikigombewa, na Aurangzeb asingeweza kulala salama kaka yake akiwa hai. Hata hivyo, hukumu ilihitaji sababu, na sababu ilipatikana katika vitabu vyake.

Tafsiri ile haikufa naye. Nakala zake zilifika Ufaransa, Anquetil-Duperron akazigeuza Kilatini, na kitabu kikachapwa Strasbourg mwaka 1801 na 1802. Ndicho alichosoma mwanafalsafa Schopenhauer, akakisifu maisha yake yote. Ulaya ilizijua Upanishad kwanza kupitia Kiajemi cha Mwislamu wa Kadiria.

Katika miaka ile ile ya Dara, rasi ya Kathiawar huko Gujarat ilikuwa na mtu wake. Pwani hiyo, pamoja na Kutch iliyo jirani yake, ndiyo iliyowaleta Afrika Mashariki wengi wa Wahindi waliofungua maduka kutoka Lamu hadi Kilwa na kupenya bara. Mswahili amemjua Baniani kwa miaka mingi sana, akamtungia hata methali juu ya kiatu chake. Dua zake hakuzifuatilia, na hiyo ni hasara. Prannath alizaliwa Jamnagar mwaka 1618, na wafuasi wake wanasimulia kwamba alisafiri mpaka Muscat. Alikusanya mafundisho yake katika Kulzam Swarup, kitabu chenye vitabu 14 ndani yake na beti 18,758, ambamo Veda kwa upande mmoja, na Torati, Zaburi, Injili na Quran kwa upande wa pili, zinasomwa kama ushahidi wa jambo moja. Wafuasi wake, Wapranami, hawaweki sanamu ya mungu mahali pa heshima. Wanaweka kitabu hicho. Kutoka pwani hiyo hiyo walitoka Makhoja wa Kiismaili, ambao ginani zao, zinazoimbwa hadi leo katika jamatkhana za Dar es Salaam na Mombasa, zilifundisha Uislamu kwa lugha na taswira walizozijua watu waliolelewa katika Uhindu.

Huko Porbandar, mwanamke mmoja wa Kipranami aitwaye Putlibai alimzaa mwaka 1869 mtoto wa mwisho, Mohandas. Atarudi katika sura hii.

Mambo ya Bengal yanajulikana zaidi, na yanastahili kutazamwa kwa karibu. Ramakrishna, aliyezaliwa mwaka 1836 katika kijiji cha Kamarpukur, alikuwa kuhani katika hekalu la mungu wa kike Kali huko Dakshineswar, kando ya mto karibu na Kolkata, hekalu lililojengwa na mjane tajiri, Rani Rashmoni, na kufunguliwa mwaka 1855. Kusoma alisoma kidogo tu. Alichotaka ni kumwona Mungu, na alikuwa tayari kujaribu kila njia aliyoisikia.

Mwaka 1866 alipokea mafundisho ya Uislamu kutoka kwa Govinda Rai, Mhindu aliyekuwa ameufuata usufi. Kwa muda wa siku tatu hivi Ramakrishna alitoka ndani ya eneo la hekalu, akavaa kama Waislamu, akasali kwa saa zake na kulikariri jina la Allah. Hakutaka hata kuzitazama picha za miungu ya Kihindu. Akatamani pia kula chakula cha Waislamu. Mathur, mkwe wa Rashmoni na msimamizi wa hekalu, akaingia matatani: Brahmani aliyepikiwa na Mwislamu angechafuka mbele ya watu wa tabaka lake. Suluhisho likawa mpishi Mwislamu kusimama jikoni akielekeza, na Brahmani kupika. Katika tukio hilo dogo la jikoni mtu anaona uzito halisi wa jambo zima. Moyo wa Ramakrishna ulikwisha vuka mpaka. Chungu kilikuwa bado hakijaruhusiwa. Miaka kama minane baadaye alizama vivyo hivyo katika sura ya Yesu, baada ya kuvutwa na picha ya Mariamu na mwanawe iliyokuwa katika nyumba ya rafiki.

Alipenda kueleza yote hayo kwa mfano wa bwawa lenye ngazi nyingi za kuteremkia: huku Wahindu wanateka maji, kule Waislamu, kule Wakristo, kila mmoja anayaita kwa jina lake, na maji ni yale yale. Mfano ni mzuri na umesafiri mbali. Wanaoupenda husahau kwamba aliyeutoa alikuwa ameteremka ngazi zote kwa miguu yake. Siku tatu hazitoshi kumfanya mtu Mwislamu, na shekhe yeyote angemwambia hivyo. Lakini hakusema juu ya dini ya mwenzake neno lolote kabla ya kujaribu kuinamisha kichwa ndani yake.

Mwanafunzi wake, Vivekananda, aliupeleka ujumbe huo Chicago Septemba 1893, kwenye Bunge la Dini za Dunia. Alifika mjini Julai bila barua ya utambulisho, akakuta muda wa kujiandikisha umepita. Aliyemfungulia mlango ni profesa wa Harvard, John Henry Wright. Hotuba yake ya Septemba 11 ilipigiwa makofi marefu, na habari zake zimeandikwa mara nyingi mno. Jambo lenye thamani zaidi aliliandika miaka mitano baadaye, Juni 1898, katika barua kwa Mwislamu aitwaye Mohammed Sarfaraz Husain. Humo alikiri kwamba Wahindu wamehubiri umoja wa viumbe vyote bila kuutenda, na kwamba kama kuna dini iliyoukaribia usawa huo katika maisha ya kila siku, ni Uislamu. Bila Uislamu wa vitendo, alisema, nadharia za Vedanta, yaani falsafa ya Upanishad, hazina faida kwa umati wa wanadamu. Alikuwa anaizungumzia nchi ambamo mtu wa tabaka la chini aliweza kufundishwa kuwa ni Brahman, na bado akakatazwa kuingia hekaluni.

Lakini kukiri kwamba Mungu ni mmoja si lazima kumpeleke mtu kwa jirani. Dayananda Saraswati, aliyeasisi Arya Samaj mjini Mumbai mwaka 1875, alihubiri Mungu mmoja asiye na umbo, akazikataa sanamu kwa ukali ambao Mwislamu angeufurahia. Hata hivyo, sura mbili za mwisho za kitabu chake, Satyarth Prakash, ni mashambulizi, moja dhidi ya Ukristo na nyingine dhidi ya Uislamu. Jumuiya yake ilifika Nairobi mwaka 1903 na ikajenga shule zilizowasomesha wengi.

Mwezi mmoja kabla Vivekananda hajapanda meli kwenda Marekani, mtoto wa Putlibai, Mohandas Gandhi, alikuwa ameondoka bandari ile ile ya Mumbai, Aprili 1893, kuelekea Afrika Kusini kwa ajira ya kampuni ya Waislamu wa Porbandar, Dada Abdulla. Meli ilitia nanga Lamu kwa saa chache. Gandhi alishuka, akawakuta makarani Wahindi katika posta, akafurahi kuzungumza nao, na kurudi melini ilikuwa taabu kwa ukali wa mkondo, nusura aachwe. Mombasa ikafuata, kisha Zanzibar, ambako alingoja zaidi ya wiki moja kabla ya kupata chombo kingine. Katika miaka ya kwanza huko kusini, marafiki Wakristo wakimvuta huku na mwajiri wake akimweleza Uislamu, alinunua tafsiri ya Quran akaisoma. Jambo hilo halikuwa geni kwake. Utotoni, katika hekalu la Wapranami alikopelekwa na mama yake, alimwona kuhani akisoma Gita na Quran kwa zamu.

Ibada zake za jioni zilipata umbo kutoka huko: aya za Gita, nyimbo za Kihindu na za Kikristo, na Surat al-Fatiha. Kwa miaka mingi watu walikaa wakasikiliza. Mwanzoni mwa Aprili 1947, damu ikimwagika Punjab na Bengal, Gandhi aliweka makao katika mtaa wa wafagiaji huko Delhi, kando ya hekalu la Valmiki. Quran ilipoanza kusomwa, mtu mmoja alisimama kupinga. Waliokuwapo walitaka kumwondoa. Gandhi alikataa asiguswe, na akakataa pia kuendesha ibada bila Quran. Kuiondoa aya hiyo ili wengine waendelee kwa amani, aliona, kungekuwa kusali nusu. Ibada ikavunjwa. Siku iliyofuata pingamizi likarudi, ikavunjwa tena. Iliendelea hivyo mpaka wapinzani walipokubali kunyamaza, na Fatiha ikasomwa.

Wapo waliomwambia wakati huo, kwa haki, kwamba hakuna Gita iliyosomwa msikitini. Lakini Gandhi hakuwa anafanya biashara ya kubadilishana. Hakusubiri Mwislamu aanze ndipo naye ajibu. Kati ya wote waliotajwa hapa, ndiye aliyeitoa hesabu ya Yajnavalkya vitabuni akaiweka hadharani, mahali ambapo ingeweza kumgharimu.

Ilimgharimu. Tarehe 30 Januari 1948, akielekea kwenye ibada hiyo hiyo katika bustani ya Birla House, alipigwa risasi tatu na Nathuram Godse, Mhindu aliyejiona mtetezi wa Uhindu. Katika maelezo marefu aliyoyasoma mahakamani, Godse alitaja malalamiko yake mengi: mgawanyo wa nchi, fedha zilizolipwa Pakistan, mifungo ya Gandhi. Miongoni mwao lilikuwamo hili pia, kwamba Quran ilisomwa katika hekalu la Wahindu, kwenye ule mtaa wa wafagiaji wa Delhi, ingawa waumini walipinga.